Bournville: Kijiji cha Kiwanda Kilichokuwa Kiunga cha Mji

Neno kiunga wazee wa pwani hulitumia kwa maana mbili. Maana ya kwanza ni shamba la miti ya matunda lililo karibu na mji. Maana ya pili ni makao ya watu nje kidogo ya mji, mahali ambapo mji haujakwisha na shamba halijaanza. Mara nyingi maana hizi mbili hazikai pamoja, maana mji ukikua, miembe na minazi hukatwa, na nyumba zikasimama palipokuwa na kivuli. Leo nataka kuwaeleza habari za mahali katika Uingereza ambapo maana zote mbili zimekaa pamoja kwa zaidi ya miaka mia moja. Mahali hapo panaitwa Bournville, kusini ya mji mkubwa wa Birmingham.

Kwanza hapana budi mjue jinsi Birmingham ilivyokuwa katika karne ya kumi na tisa. Ulikuwa mji wa mafundi. Vifungo, misumari, bunduki, kalamu za chuma, vyombo vya shaba, vyote vilitoka huko vikapelekwa dunia nzima. Watu wa mashamba wakaukimbilia mji kutafuta kazi, na wenye ardhi wakaona faida. Wakajenga nyumba zilizopeana migongo, yaani nyumba mbili zikitumia ukuta mmoja wa nyuma, hata pasiwe na dirisha wala mlango upande ule, na upepo usipite. Chini chumba kimoja, na juu yake kimoja au viwili. Nyumba hizo ziliuzunguka ua mmoja, na katika ua palikuwa na bomba la maji, mahali pa kufulia nguo, na vyoo vichache vya kutumiwa na wote. Ua mmoja wa namna hiyo haukubomolewa. Umehifadhiwa katikati ya Birmingham, na tangu mwaka wa 2004 watu huingia kuutazama.

Mwalimu yeyote aliyefundisha watoto wanaolala watu sita katika chumba kimoja chenye moshi hana haja ya kuelezwa mengi. Mtoto huja shule amechoka kabla ya somo la kwanza. Kukohoa kwake hakuishi. Ukimwuliza kwa nini hakuandika kazi yake, hana jibu, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuiandikia.

Basi katika mji huo, mwaka wa 1824, Bwana John Cadbury alifungua duka katika barabara ya Bull Street, akauza chai, kahawa na kakao. Alikuwa mtu wa Chama cha Marafiki, waitwao Quakers. Wasomaji wetu wa Kaimosi katika Kenya wanawajua Marafiki, maana wamisionari wao kutoka Marekani walifika huko mwaka wa 1902. Na kisiwani Pemba Marafiki wa Uingereza walianza kazi mwaka wa 1897. Zamani Marafiki hawakuweza kupata shahada katika vyuo vikuu vya kale vya Uingereza kwa sababu ya dini yao, kwa hiyo wengi waliingia katika biashara. Tena walichukia ulevi, wakaona kakao ya moto ni kinywaji chema cha kumpa mtu wa kazi badala ya pombe.

Mwaka wa 1861 wanawe wawili, Richard na George, walirithi biashara hiyo. Richard alikuwa na miaka 25, George 21, na biashara yenyewe ilikuwa inakufa. Kila mmoja alitia pauni 4,000 alizoachiwa na mama yao, na kwa miaka michache fedha hizo zilikuwa zikiyeyuka kama barafu juani. Ilisemekana kwamba kama wangeshindwa, George angekwenda kulima chai katika milima ya Himalaya. Lakini hawakushindwa. Kakao ya siku zile ilikuwa na mafuta mengi, na wauzaji waliyaficha kwa kuchanganya wanga wa viazi na sago. Ndugu hawa walinunua mashine kutoka kwa Van Houten wa Uholanzi, iliyokamua mafuta yakatoka, na mwaka wa 1866 wakaanza kuuza kakao tupu isiyochanganywa na kitu. Baada ya hapo mambo yao yalinyooka.

Bwana George alikuwa na desturi moja iliyomfungua macho. Kila Jumapili asubuhi, kwa miaka mingi sana, alifundisha watu wazima kusoma na kuandika katika shule ya Severn Street. Wanafunzi wake walikuwa wafanya kazi maskini, na wakiugua aliwafuata nyumbani kuwatazama. Ndipo alipoziona zile nyumba zilizopeana migongo kwa macho yake mwenyewe, si kwa kusoma katika gazeti. Akaona kwamba kumwambia mtu aache pombe na hali nyumbani kwake hapakaliki ni kazi bure.

Kiwanda chao cha mjini kilipokuwa kidogo, ndugu hawa walifanya jambo ambalo wafanya biashara wenzao waliliona la ajabu. Mwaka wa 1878 walinunua eka 14 na nusu za majani na miti, umbali wa maili nne hivi nje ya mji, na mwaka wa 1879 wakahamia huko kiwanda chote. Wafanya kazi walikuwa mia mbili na zaidi. Hawakupachagua mahali hapo kwa uzuri tu. Reli mpya ilipita karibu, na mfereji wa vyombo ulikuwapo wa kuletea mizigo. Kijito kilichopita hapo kiliitwa Bourn. Wakaongeza neno la Kifaransa lenye maana ya mji, jina likawa Bournville, kwa kuwa siku zile watu walidhani chokoleti iliyo bora ni ya Kifaransa. Hata wacha Mungu hujua namna ya kuuza.

Mwanzoni zilijengwa nyumba 16 tu kwa wasimamizi na mafundi wakuu. Watu wengine walikuja kila siku kwa gari la moshi, na kampuni ya reli ilikubali kuwapunguzia nauli. Kiwandani walikuta mahali pa kubadilisha nguo, jiko la kupashia chakula moto, na viwanja vya kuchezea. Wanaume na wanawake walitengwa, kila upande na bustani yake. Na mwanamke alipoolewa, alilazimishwa kuacha kazi. Wakubwa waliona kwamba mahali pa mke ni nyumbani. Wanawake wenyewe hawakuulizwa.

Kijiji chenyewe kilikuja baadaye. Mwaka wa 1893 Bwana George alinunua eka 120 zaidi kwa fedha yake mwenyewe, si ya kampuni. Alikwisha kuona kwamba wajenzi wenye tamaa walikuwa wakikikaribia kiwanda, na kwamba wasipozuiwa watajenga tena nyumba zile zile za Birmingham katika majani mabichi. Mwaka wa 1895 ujenzi ulianza, na kazi ya kuchora nyumba alipewa kijana wa miaka ishirini na kidogo, William Alexander Harvey.

Sheria za ujenzi zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na sababu yake. Nyumba isichukue zaidi ya robo ya kiwanja chake. Robo tatu zibaki bustani. Katika kila eka kumi za ardhi, moja iwe ya watu wote, kwa viwanja vya michezo na mahali pa kupumzika. Barabara ziwe pana, zipandwe miti. Nyumba zijengwe moja moja, mbili mbili, au chache kwa pamoja, wala zisiwe safu ndefu zinazofanana kama meno ya kitana. Kabla mpangaji hajaingia, bustani ililimwa na kupandwa tayari, na mwishoni mwake miti ya matunda, mitofaa na mipea na miplamu. Ukubwa wa bustani ulipimwa kwa akili: sehemu ya nane ya eka, kiasi ambacho mtu anayetoka kazini jioni aweza kukilima asichoke. Nyumba ndogo zilikuwa na birika la kuogea lililofichwa chini ya sakafu ya jikoni, ukifunua kifuniko unaoga, ukifunika unapika. Siku zile hata watu wa kadiri katika Uingereza wengi hawakuwa na mahali pa kuogea ndani ya nyumba.

Nyumba hizo hazikuwa za watu wa kiwanda peke yao. Mfanya kazi wa mahali po pote aliweza kukaa Bournville, na mwanzoni mwa karne ya ishirini wenye nyumba waliofanya kazi katika kiwanda cha Cadbury walikuwa chini ya nusu. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Karibu na Liverpool, Bwana William Lever, mwenye kiwanda cha sabuni, alianza mwaka wa 1888 kujenga kijiji kizuri kiitwacho Port Sunlight, na kwa uzuri pengine kinakishinda Bournville. Lakini huko nyumba zilikuwa za watu wa sabuni. Mtu aliyefukuzwa kazi alipoteza kazi na dari kwa siku moja, na mtu wa namna hiyo hawezi kumwambia bwana wake neno la kweli. Bwana George hakutaka nyumba iwe kamba ya kumfungia mtu.

Hata hivyo alifanya kosa, na kosa hilo ndilo lililozaa jambo lililo bora kuliko yote ya Bournville. Nyumba za kwanza, 143, aliziuza. Alitoa ardhi kwa hati ya miaka 999, akawakopesha watu fedha kwa riba ndogo, na bei ilikuwa ile ile ya gharama ya kujenga. Aliamini kwamba mtu mwenye nyumba yake atakaa na kuitunza. Wengi walikaa. Lakini wengine waliona kwamba nyumba waliyoinunua kwa bei nafuu yaweza kuuzwa kwa bei ya soko. Wakaiuza, wakatia faida mfukoni, wakaenda zao. Nani awalaumu? Hawakuvunja sheria yo yote. Lakini Bwana George akaona kwamba kama mambo yakiendelea hivyo, wema wake utakuwa mtaji wa walanguzi, na yule maskini wa Severn Street hatafika Bournville hata siku moja.

Basi tarehe 14 Desemba 1900 alitia sahihi hati iliyoitoa mali yote. Eka 330 na nyumba zaidi ya 300 zilitoka mikononi mwake zikawekwa chini ya Amana ya Kijiji cha Bournville, ikiongozwa na wadhamini. Kodi ya nyumba haikurudi kwa jamaa ya Cadbury. Ilitumika kutunza kijiji, na iliyosalia kununua ardhi na kujenga nyumba nyingine. Kwa hati hiyo bei ya ardhi ikipanda, faida humrudia yule yule aliyeipandisha, yaani kijiji chenyewe. Kwa kuwa Bwana George alichukia ulevi, hati iliweka kwamba pombe isiuzwe katika kijiji bila wadhamini wote kukubali kwa sauti moja. Richard nduguye hakuiona siku hiyo, maana alifariki mwaka wa 1899, akiwa safarini Yerusalemu.

Nisije nikawapaka rangi. Kodi ya Bournville haikuwa sadaka. Bwana George alitaka kuwaonyesha wenye mali wengine kwamba nyumba njema zaweza kujilipia, na kwa hiyo mchukuzi wa mizigo mwenye mshahara wa chini kabisa hakuimudu. Waliofaidi zaidi walikuwa mafundi na makarani. Walakini kwa waliofika faida ilionekana katika miili. Watoto wachanga waliokufa Bournville walikuwa wachache sana kuliko wa Birmingham, na watoto wa shule walipopimwa na kulinganishwa na wale wa mitaa maskini ya mji, wa Bournville walikutwa warefu zaidi na wazito zaidi.

Sasa nafika penye jambo ambalo watu hupenda kulipita haraka. Bustani hizi zilitoka katika faida ya kakao, na kakao ilitoka wapi? Haioti Uingereza. Sehemu kubwa ya ile iliyonunuliwa na Cadbury mwanzoni mwa karne ya ishirini ilitoka kisiwa cha São Tomé, upande wa magharibi wa Afrika, kilichokuwa chini ya Wareno. Huko walifanya kazi watu waliochukuliwa kutoka Angola. Kwa karatasi walikuwa vibarua wa mkataba wa miaka mitano. Kwa kweli hawakurudi kwao. Mwaka wa 1901 Bwana William Cadbury, mwana wa Richard, alipata habari ya shamba lililokuwa likiuzwa São Tomé, na katika orodha ya mali ya shamba hilo watu walihesabiwa pamoja na vitu.

Alikwenda Lisbon kuuliza. Mwaka wa 1905 kampuni ikamtuma Bwana Joseph Burtt kuchunguza, naye alirudi mwaka wa 1907 na habari mbaya. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na shughuli zake na Wareno, iliomba mambo yasiharakishwe. Kampuni ilikubali kungoja, ikitumaini kwamba mnunuzi ana nguvu ya kusema kuliko mtu aliyekwisha kuondoka sokoni. Mwisho, Machi 1909, Cadbury waliacha kununua kakao ya São Tomé. Gazeti moja la London, The Standard, lilikuwa limewaita wanafiki, nao wakalishitaki. Kesi ilisikilizwa Birmingham Desemba 1909. Wazee wa baraza walisema gazeti lina makosa, kisha wakawapa Cadbury fidia ya robo ya peni, sarafu iliyokuwa ndogo kuliko zote za Uingereza. Nadhani mmeelewa walivyotaka kusema. Mimi simhesabu Bwana William kuwa mtu mbaya. Lakini miaka minane, kutoka ile orodha hata siku ya kuacha, si muda mfupi kwa aliyekuwa akichuma kakao kisiwani, naye hakupewa bustani.

Baada ya hapo kampuni iligeukia Gold Coast, nchi ambayo tangu mwaka wa 1957 inaitwa Ghana. Huko kakao ililimwa na wenyeji katika mashamba yao wenyewe. Mhunzi mmoja, Tetteh Quarshie, alikuwa ameleta mbegu kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka wa 1879, mwaka ule ule kiwanda kilipohamia Bournville. Kufika mwaka wa 1911 Gold Coast ilikuwa ikitoa kakao nyingi kuliko nchi yo yote duniani.

Turudi kijijini. Mwaka wa 1901 watu waliotaka kujenga miji ya bustani walikutana Bournville kwa mkutano wao, na miaka miwili baadaye wakaanza kuujenga mji wa Letchworth. Mwaka wa 1906 shule ya watoto ya Bournville iliwekewa mnara wenye kengele nyingi zinazopigwa kama kinanda, maana Bwana George alisikia kengele za namna hiyo Bruges katika Ubelgiji, zikampendeza. Leo ni kengele 48. Hata nyumba ya zamani sana ya mbao na udongo, Selly Manor, ilivunjwa kipande kipande mahali ilipokuwa ikiporomoka, ikasimamishwa tena karibu na uwanja wa kijiji.

Wakati huo mji ulikuwa ukija. Nyumba za Birmingham ziliendelea kusogea upande wa kusini, na mwaka wa 1911 mipaka ya mji ilipanuliwa, Bournville ikawa ndani. Tangu hapo ni kiunga cha Birmingham kwa sheria. Mgeni akitembea leo asipojua habari hizi huenda asione mahali mji unapokoma na kijiji kinapoanza, ila ghafula barabara inakuwa na miti, na nyumba zinarudi nyuma zikiacha bustani mbele. Bwana George alifariki mwaka wa 1922. Amana iliendelea kununua ardhi, na eneo lake katika Bournville lilifika karibu eka 1,000, na nyumba maelfu.

Mwaka wa 1967 serikali ya Uingereza ilitunga sheria iliyowapa wenye hati ndefu haki ya kuinunua ardhi yenyewe iliyo chini ya nyumba zao. Hapo palikuwa na hofu kwamba kila mtu atafanya apendavyo, na kijiji kitaharibika nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo yalifanywa mapatano kwamba hata aliyenunua ardhi yake lazima apate ruhusa ya Amana kabla ya kubadilisha sura ya nyumba kwa nje. Wako wanaonung'unika kwamba hawawezi kubadili dirisha bila kuandika barua. Wako pia wanaolipa bei kubwa ili wakae hapo kwa sababu ya barua hizo hizo, na bei hizo ni taabu mpya kwa kijana wa kazi atakaye kununua.

Kampuni nayo ilipitia mengi. Mwaka wa 1969 iliungana na kampuni ya Schweppes, baadaye zikaachana, na Februari 2010 ikanunuliwa na Kraft ya Marekani. Tangu mwaka wa 2012 imo katika kampuni iitwayo Mondelez. Siku zile za 2010 palikuwa na huzuni nyingi Birmingham, watu wakauliza kijiji kitakuwaje sasa. Kiwanda kiliuzwa pamoja na mashine zake, jina lake na chokoleti zake. Nyumba, uwanja wa kijiji na miti ya barabarani havikuwamo katika mauzo, maana tangu Desemba 1900 havikuwa mali ya Cadbury.